Gereji ya mawe, kontena au kibanda cha mabati: karakana yako ya nyumbani ikae wapi?

Shemeji yangu anayeishi Utawala alinipigia simu Jumapili moja na swali moja tu: anunue kontena au ajenge? Alikuwa ameona mahali kontena la futi 20 lililokatwa madirisha na kupakwa rangi ya kijani, ndani kuna meza ya kazi na taa nzuri, na moyo wake ulikuwa umeshatua hapo. Nikamuuliza, "Shemeji, ubao mrefu kuliko yote utakaoukata ni wa urefu gani?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema hilo hajalifikiria, lakini kontena lile ni zuri sana.

Ninaandika haya kwa ajili yake na kwa mwingine yeyote wa Nairobi anayetafuta pahali pa kufanyia kazi za mikono jioni na Jumamosi. Simwandikii fundi anayelisha familia kwa randa, maana mahitaji yake ni mengine. Nimeishi na zote tatu kwa namna fulani. Nilipokuwa nimepanga nyumba Dagoretti nilikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya jikoni kwa miaka 2. Sasa niko Lang'ata, na gereji yetu ya mawe iliyosimama peke yake upande wa nyuma ya ua nimeigeuza karakana. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ana kontena, na mara nyingi nimeshinda humo ndani kuliko mkewe anavyopenda.

Kwanza ubao, kisha chumba

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 na upana wa mita 2.44, lakini hizo ni hesabu za nje. Ndani unabaki na kama mita 5.9 kwa 2.35. Gereji yetu ni ya gari moja, mita 3 kwa 6. Ukizitazama kwa macho unaona kama zinalingana. Sasa weka katikati msumeno wa meza wenye upana wa mita 1. Ndani ya gereji nina mita nzima kila upande. Ndani ya kontena ningebaki na sentimita 67 kulia na sentimita 67 kushoto. Mtu anapita hapo vizuri akiwa mkono mtupu. Akiwa amebeba ubao, inabidi apite kiubavu kama abiria anayetoka kiti cha nyuma cha matatu, na blade iko karibu na kiuno chake.

Halafu kuna plaiwudi. Shiti nzima ni futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Kontena la kawaida lina urefu wa mita 2.39 kutoka sakafu hadi dari, kwa hivyo shiti haiwezi kusimama wima humo. Sentimita 5 zinakunyima. Kuna makontena marefu zaidi kwenda juu, ambayo ndani yanafika karibu mita 2.69, na hayo yanaikubali. Ukienda kununua, beba futi yako, usipime kwa macho.

Kupasua shiti hiyo kwa urefu wake kunataka mita 2.44 kabla ya msumeno na mita 2.44 nyingine baada yake, jumla karibu mita 5. Ndani ya kontena msumeno lazima ukae katikati kabisa, na mstari mzima wa mbele na nyuma yake ubaki mtupu. Katika gereji mimi nauweka karibu na mlango, nafungua milango yote miwili, na mwisho wa shiti unatokea uani. Mlango mpana wa gari, ambao mafundi wawili walinishauri niuzibe kwa mawe, ndio ninaoutegemea kuliko kitu kingine chochote katika jengo lile.

Jirani yangu hana shida hizi. Yeye anafufua pikipiki kuukuu. Pikipiki inaingia kwa mlango wa kontena, inasimama, na yeye anaizunguka. Hakuna anachohitaji kukipitisha kwenye mashine, na upana wa mita 2.35 unamtosha.

Kibanda ni wewe unayekipangia ukubwa. Changu cha Dagoretti kilikuwa mita 2.4 kwa 3.6, na mbao ndefu nilikuwa nikizikata nje kwa msumeno wa mkono, zikiwa zimelazwa juu ya miguu miwili ya mbao. Mvua ikija, kazi inasimama. Kwa miaka 2 nilitengeneza humo vigoda, rafu za vitabu na kitanda cha mtoto, kwa hivyo asikwambie mtu kwamba haiwezekani.

Paa la gereji: angalia kabla ya kupandisha ngazi

Hapa ndipo gereji inaweza kukushinda. Nyumba yetu ni ya miaka ya 1970, na gereji ilikuwa imeezekwa kwa shiti nene za kijivu zenye mawimbi. Ukizigonga hazilii kama bati, zinatoa sauti butu kama ya chungu chenye ufa. Ilikuwa asbesto. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini mapaa yaliyokuwa yameshawekwa yalibaki juu ya vichwa vya watu, na mengine yapo hadi leo.

Shiti nzima ambayo haijaguswa haina hatari kubwa. Hatari inaanza unapoitoboa, unapoikata kwa mashine, unapoivunja kwa nyundo au kufagia vipande vyake vikavu. Nyuzinyuzi ambazo jicho haliwezi kuziona huruka, huingia mapafuni, na hazitoki. Saratani inayoletwa nazo inaweza kuchukua miaka 20, 30 au zaidi kujitokeza, na ndiyo sababu kijana aliyeletwa kubomoa paa hatakuelewa ukimwambia ashuke. Mshushe hivyohivyo. Karakana ni chumba cha kutoboa na kukata kila wiki. Huwezi kufunga taa, rafu na feni ya kutoa vumbi chini ya paa la namna hiyo ukatumaini kwamba hutaligusa.

Asbesto ni taka hatari, na kubebwa kwake ni kwa wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Haizikwi shambani wala haipelekwi kijijini ikaezeke banda la kuku. Kazi hiyo ilimeza pesa nilizokuwa nimetengea dirisha na meza, na karakana ikachelewa miezi 4. Sijutii hata kidogo. Lakini kama ningejua mapema ningeihesabu tangu mwanzo, na wewe unayelinganisha gereji na kontena uihesabu leo, kabla hujasema gereji ni ya bure kwa kuwa iko tayari.

Badala yake tuliweka mabati ya geji 28. Namba ikiwa ndogo bati ni nene: 28 inashinda 30, na 30 inashinda 32. Chini yake tukapiga dari ya plaiwudi nyembamba. Bila dari, mvua ya Aprili ikianza kupiga huwezi kumsikia mtu aliye mbele yako, na huwezi kusikia msumeno wako unavyolia, jambo ambalo ni baya zaidi. Sauti ya mashine ndiyo inayokuambia kwamba blade imekuwa butu au ubao umebana.

Udongo mweusi na sakafu

Sehemu kubwa ya Lang'ata, kama Embakasi na Utawala, iko juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaofura wakati wa masika na kujikunyata kiangazi hadi ardhi inapasuka nyufa za kuingiza mkono. Msingi uliochimbwa kwa haraka husogea nao. Anayekaa kwenye udongo mwekundu wa upande wa Kabete au Loresho hana wasiwasi huo mwingi na anaweza kuruka sehemu hii.

Ukiona ufa kwenye sakafu ya gereji, usikimbilie kuuziba. Chora mstari wa penseli unaoukatiza, andika tarehe kando yake, kisha ngoja msimu wa mvua upite na kiangazi kije. Mstari ukibaki umenyooka, ufa ni wa zamani na umetulia, uzibe uendelee. Mstari ukivunjika ukawa na ngazi, upande mmoja unazama, na hapo mwite mtu anayeelewa misingi kabla hujanunua hata msumari.

Jaribio la pili ni la unyevu. Laza kipande cha nailoni cha mita 1 kwa 1 juu ya simiti, kibandike kwa utepe pande zote nne, ukiache siku 2. Ukikiinua ukute matone chini yake, maji yanapanda kutoka ardhini. Mbao ulizozikausha miezi mingi zitayanywa hayo maji, na zana zako zitashika kutu kuanzia chini.

Sakafu yetu ilikuwa kavu, lakini ilikuwa na mteremko. Mafundi wa zamani waliinamisha sakafu za gereji makusudi ili maji ya gari lililonyeshewa yatoke mlangoni. Kwetu ni karibu sentimita 5 kutoka nyuma hadi mbele. Niliambiwa nimwage zege jipya niisawazishe. Sikufanya hivyo. Nilikata vipande vya mvule nikaviweka chini ya miguu ya meza na mashine, nikasawazisha kwa pima maji, na sakafu nikaiacha ilivyo. Siku nikiuza nyumba, mnunuzi atapata gereji yake na gari litaingia.

Kwenye udongo wa namna hii kontena linashinda waziwazi. Linasimama kwa pembe zake nne. Pembe moja ikizama, unaleta jeki ya lori, unainua, unasukumiza kipande cha chuma chini, basi. Jirani yangu amefanya hivyo mara mbili, na mara ya pili nilishika tochi. Kibanda nacho hakiumii sana; nguzo ikiinama unaisimamisha. Ukichagua kibanda, usiruhusu nguzo ya sipresi iguse udongo bila dawa, maana mchwa watakuwa wameingia kabla ya Krismasi.

Joto, baridi na matone ya asubuhi

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na usiku wa Julai ni wa kujifunika blanketi mbili. Chuma cha kontena kinapoa haraka kuliko hewa iliyomo ndani. Nenda asubuhi saa kumi na mbili na nusu, upitishe kiganja kwenye dari: kinarudi kimelowa. Matone yanajipanga kwenye mikunjo ya chuma, na moja baada ya jingine yanadondoka juu ya chochote kilicho chini. Jirani aliacha jiriwa mpya usiku mmoja bila kuifunika, na asubuhi ilikuwa na vidoa vya rangi ya chungwa kama ngozi yenye surua. Kisha inafika Februari, saa saba mchana, na humohumo hakukaliki.

Dawa yake ipo. Unabandika kizuia joto pande zote na juu yake plaiwudi, na unaacha hewa ipite kwa matundu ya juu na ya chini yanayotazamana. Lakini kumbuka kwamba kila sentimita unayoongeza ukutani unaitoa kwenye zile mita 2.35. Ukiweka sentimita 5 kila upande, upana unashuka hadi mita 2.25. Anayekuuzia kontena hatakuambia hilo, na katika picha za kontena zuri hulioni.

Ukuta wa mawe ya mashine, yale ya upande wa Juja na Ndarugu, hauna haraka. Unapokea joto polepole na kuliachia polepole. Ndani ya gereji yetu gundi inashika Julai kama inavyoshika Februari, na vanishi haifanyi mawingu. Kibanda cha mabati ndicho kibaya kuliko vyote kwa joto, ila kwa kuwa hewa inapita kila mahali, hakishiki unyevu kama kontena.

Neno moja kuhusu sakafu ya kontena. Ile plaiwudi nene unayoikanyaga huwekwa dawa ya wadudu kwa ajili ya safari za baharini. Usiipige msasa ili ing'ae. Ifunike kwa sakafu nyingine juu.

Stima: hapa usibane pesa

Ukiniuliza kosa langu kubwa, ni hili. Gereji yetu iko mita 30 kutoka ubao wa stima wa nyumba. Fundi wa kwanza alivuta waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za kawaida, na taa zikawaka, nami nikamlipa. Jumamosi iliyofuata nilibonyeza swichi ya msumeno: taa zikafifia, injini ikanguruma kama ng'ombe anayekataa mlima, kisha polepole ikashika kasi. Nilidhani mashine ni mbovu. Nikainunulia kapasita mpya bure.

Hesabu yake ni rahisi na ningependa kila mtu aifanye kabla ya kuchimba mtaro. Stima yetu ya nyumbani ni volti 240. Waya wa milimita 2.5 hupoteza kama milivolti 18 kwa kila ampia kwa kila mita. Msumeno wa kilowati 1.5 hutumia kama ampia 9 au 10 ukiwa unazunguka, lakini ule mshtuko wa kuanza unaweza kufika mara 5 ya hapo, tuseme ampia 45. Zidisha 18 kwa 45 kwa 30: unapoteza volti 24 njiani, na injini inajaribu kuamka kwa volti 216. Waya wa milimita 6 hupoteza milivolti 7.3 tu, na kwa kazi ileile unapoteza volti 10. Tulifukua mtaro, tukazika waya wa milimita 6 wenye deraya ya chuma, na msumeno uleule, bila kuguswa kitu kingine, sasa unaamka mara moja.

Hili halibadiliki uwe na gereji, kontena au kibanda. Kinachobadilika ni hatari. Kuta za gereji ya mawe hazipitishi stima kama chuma. Kontena ni sanduku la chuma, na waya mmoja ukichubuka kwenye ukingo mkali wa tundu ulilotoboa, chumba chote, mlango na kishikio chake, kinaweza kuwa na stima. Kwa hivyo mwili wa kontena lazima uungwe na ardhi kwa waya wake na fimbo yake, nyaya zipite ndani ya mabomba, na pawe na kikata umeme cha miliampia 30 kinachokata mara stima inapovuja. Kibanda cha mabati kinataka vivyo hivyo. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi, na uombe kuiona. Atakuwa ghali kuliko yule wa kona, na safari hii mpe.

Na tukiwa bado kwenye stima: mashine kuukuu kutoka Uingereza zinauzwa sana hapa na nyingi ni imara, lakini angalia plagi. Zenye plagi ya manjano ya duara ni za volti 110, walizokuwa wakitumia kwenye mjengo kule. Ukizichomeka kwa soketi yako zinaungua. Zile kubwa za viwandani ni za fezi tatu, volti 415, na nyumba nyingi zina fezi moja tu. Bei itakuvutia. Ziache, isipokuwa uwe tayari kubadilisha injini.

Kelele, vumbi na wanaolala upande wa pili

Msumeno wa umeme ukikata mbao ngumu hufika karibu desibeli 100. Kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta. Mawe ya inchi 6 au 9 yanaipunguza kweli. Chuma cha kontena kina unene wa kama milimita 2, na bati la kibanda halifiki hata nusu ya hapo. Huko Dagoretti mama wa nyumba ya pili alijua ratiba yangu kuliko mimi. Kanuni za kelele za NEMA za mwaka 2009 zinahesabu mchana hadi saa mbili usiku. Mimi namaliza mashine saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo ni patasi, randa ya mkono na msasa. Niliwaambia majirani hivyo nilipoanza, nikawapelekea kila nyumba kigoda kimoja, na tumeishi vizuri.

Kuhusu vumbi sitanii. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mvule, ambao tunaupenda wote kwa rangi yake, unawasha ngozi na pua, na kwa watu wengine unaleta pumu. Maranda ya randa ni mazuri, yanaokotwa na kuwashia jiko. Ubaya uko kwenye ule unga mwepesi unaoelea baada ya msasa. Gereji yenye mlango mpana na dirisha la upande wa pili inausukuma nje kwa upepo tu. Kontena bila feni ni chupa. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, ile inayokaa sawasawa usoni, si kitambaa.

Na usichomelee chuma pale unapopasulia mbao. Cheche moja inaweza kulala ndani ya unga wa mbao ikifuka saa nzima baada ya wewe kufunga na kwenda kula. Kazi ya vyuma ndiyo kontena linaifaa kuliko gereji yangu, mradi ufunike sakafu yake ya mbao kwa bati nene, kama jirani alivyofanya.

Wezi, ruhusa na gari

Kontena lina milango ambayo si rahisi kuishinda. Gereji inategemea mlango uliouweka; wetu sasa ni wa mbao za inchi 2, mabawa mawili yanayofunguka nje, na bawaba ambazo skrubu zake hazionekani ukiwa uani. Kibanda cha mabati hufunguliwa na mtu mwenye bisibisi. Huko Dagoretti randa na drili zililala chumbani chini ya kitanda kila usiku.

Jengo jipya au kubadilisha matumizi ya lililopo kunataka idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na mitaa yenye chama cha wakazi huwa na masharti yake pia. Aliyepanga aanze na mwenye nyumba, kwa maandishi.

Kontena lina jambo lake la mlangoni: juu ya lori linafika karibu mita 4 kutoka ardhini, na kreni inahitaji pahali pa kusimama na kunyoosha mkono. Toka nje uangalie nyaya za stima zinazokatiza barabara yako na upana wa geti. Wengi huliangalia hilo lori likiwa limeshafika.

Gari letu sasa linalala nje chini ya kivuli cha neti. Mvua ya mawe ilililima mara moja, na mke wangu alikuwa na haki ya kunikumbusha.

Ningechagua hivi

Mwenye nyumba yake, mwenye gereji ya mawe yenye sakafu iliyotulia, na anayetaka kufanya kazi ya mbao kubwa kama makabati, vitanda na milango: gereji, bila kusitasita, hata kama paa lote linabadilishwa. Pesa ziende kwanza kwenye paa, kisha stima, kisha mwanga. Rangi na rafu nzuri zitangoja. Dirisha likate upande wa kaskazini au kusini, kwa sababu jua letu la asubuhi na la jioni likiingia moja kwa moja huwezi kuuona mstari wa penseli juu ya ubao.

Mtu wa pikipiki, baiskeli, kuchomelea, au aliye kwenye udongo mweusi ambao gereji yake tayari inapasuka: kontena, lile refu kwenda juu likipatikana, na bajeti ya kizuia joto ihesabiwe pamoja nalo siku ileile.

Aliyepanga, au ambaye bado hajajua kama mapenzi haya yatadumu: kibanda. Kifunge kwa bolti badala ya misumari ili ukihama ukifungue kuta moja moja ukaondoke nacho. Changu nilikihamisha kwa pikapu moja kutoka Dagoretti, na mabati yake ndiyo yamefunika kuni zetu sasa.

Shemeji alikuja Lang'ata Jumamosi iliyofuata. Tulichukua chaki, tukachora uani mstatili wa mita 5.9 kwa 2.35, tukaweka maboksi mahali pa meza, mashine ya kutobolea na rafu, nikampa ubao azunguke nao. Alizunguka mara mbili bila kusema neno. Kisha akaketi kwenye kigoda na kunieleza anachotaka kutengeneza: magari ya watoto ya mbao, vigoda, labda mizinga ya nyuki ya kupelekea baba yake. Tukapima. Kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa sentimita 110. Amepanga, barabara yake haiingii kreni, na geti lina upana wa mita 3.

Tukafuta chaki kwa maji, tukachora tena, mita 3 kwa 2.4. Maboksi yote yakaingia. Juzi amenitumia picha: nguzo nne zimesimama, mabati yameegemea ukuta, na chini yake ameandika kuuliza kama ile jiriwa yangu ndogo bado naitumia.